Jina ni sehemu ya habari: kutaja waliochangia katika maandishi ya kilimo cha nazi na korosho

Kijitabu cha kilimo cha mnazi au mkanju kikifika kijijini, watu hutazama picha kwanza. Hapo ndipo maneno huanza. "Si shamba la fulani hili?" "Si yule mkwezi wetu huyu?" Kisha mtu husoma maelezo yaliyo chini ya picha na kukuta maneno matatu tu: mkulima akiwa shambani. Jalada lina nembo za ofisi, dibaji ina jina la mkubwa, lakini aliyesimama chini ya mnazi, aliyeeleza namna anavyochagua nazi ya mbegu, na aliyepanda juu kuhesabu vidaka, hawana majina.

Makala haya yanaeleza maana ya kutaja waliochangia katika maandishi ya kilimo, kwa nini jambo hilo lina uzito kwa watu wa Pwani, sheria za Kenya zinasemaje, na namna ya kulifanya sawasawa. Yanawafaa maafisa wa kilimo, wanafunzi wanaofanya utafiti, vyama vya wakulima vinavyotaka kuchapisha miongozo yao, na mkulima anayeulizwa maswali na mgeni mwenye daftari. Mazao tunayozungumzia ni yale ya jamii ya njugu: korosho, makadamia na mengineyo. Nazi tunaiweka humo pia, kwa kuwa hapa Kenya inasimamiwa pamoja nayo katika kurugenzi ya mazao ya njugu na mafuta iliyo chini ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA).

Kutaja ni nini

Kutaja mchangiaji ni kuandika mambo matatu: ni nani, alifanya nini, na alifanyia wapi. Likikosekana moja, kutaja kumepungua. "Tunawashukuru wakulima wote wa Kwale na Kilifi" ni adabu njema, lakini haimtaji mtu yeyote. Msomaji hawezi kujua ni nani aliyesema mkanju wake ulizaa zaidi baada ya kupogolewa, wala hawezi kwenda kumuuliza.

Kutaja pia si kumfanya kila mtu kuwa mwandishi. Mwandishi ni yule aliyechangia fikra au kazi kubwa ya kitabu, akashiriki kukiandika au kukipitia, akakubali kichapishwe, na yuko tayari kujibu akiulizwa juu ya yaliyomo. Hicho ndicho kipimo kinachofuatwa na majarida mengi ya kisayansi, na kilianzia kwa wahariri wa majarida ya utabibu. Wengine wote waliosaidia wana nafasi yao: katika shukrani, chini ya picha, ndani ya matini, au katika orodha ya wachangiaji. Kuna hata orodha ya kimataifa iitwayo CRediT inayogawanya kazi za utafiti katika majukumu 14, ili isomeke wazi nani alikusanya takwimu, nani alizichambua na nani aliandika.

Kwa nini jina lina uzito

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Aliyesoma chuoni anajua isnadi: neno la Mtume halipokewi hivi hivi, huulizwa limepokewa na nani, kutoka kwa nani, mpaka kufika kwenye asili yake. Mpokezi akiwa hajulikani, habari yenyewe hudhoofika. Washairi wetu wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni, na mara nyingi kutaja mji na mwaka. Hawakufanya hivyo kwa majivuno. Walitaka asomaye ajue maneno yametoka kwa nani.

Maandishi ya kilimo yana haja hiyo hiyo. Mnazi unaoota kwenye mchanga ulio karibu na bahari haukai kama mnazi wa bara kidogo kwenye udongo mzito. Mwongozo ukisema "wakulima huweka chumvi kwenye shimo la kupandia", msomaji anataka kujua ni wakulima wa wapi, kwenye udongo gani, na nani ameyaona matokeo. Ukifuta jina na mahali, umefuta na nusu ya elimu. Ushauri unabaki kama amri isiyo na mwenyewe, na ukishindwa hakuna wa kuuliza. Kwa hiyo jina si pambo tunalompa mkulima ili afurahi. Jina ni sehemu ya habari yenyewe.

Kuna na haki. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtafiti aliyetajwa katika chapisho hupanda cheo, hupata ufadhili mwingine, huitwa mikutanoni. Mkulima aliyempa siku tatu za maelezo na dafu za kunywa hubaki pale pale. Kutajwa hakutamjengea nyumba, lakini mwaka unaofuata, mradi mwingine ukija kutafuta mtu anayejua mikanju, jina lake litakuwa limeandikwa mahali.

Wapo watakaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo inaonya juu ya sifa zinazopita kiasi. Haisemi mgema asitajwe tembo limetoka kwa nani.

Malabar: kitabu kilichoanza na mnazi

Mfano mzuri wa kutaja uko ng'ambo ya bahari yetu hii hii, katika pwani ya Malabar kusini mwa India, ambako majahazi yetu yalikwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi. Katika miaka ya 1670 gavana wa Kiholanzi wa huko, Hendrik van Rheede, aliamua kuandika kitabu cha mimea ya nchi ile. Kitabu hicho, Hortus Malabaricus, kilichapishwa Amsterdam kwa juzuu 12 kati ya 1678 na 1693. Juzuu ya kwanza inaanza na mnazi, kwa jina lake la Kimalayalam, tenga. Mkanju nao umo, katika juzuu ya tatu.

Van Rheede hakujifanya kwamba elimu ile ni yake. Alichapisha ndani ya kitabu ushahidi wa mganga Itty Achuden, ulioandikwa mwaka 1675 kwa lugha na hati ya kwao, akieleza kwamba yeye ndiye aliyetoa majina ya mimea na matumizi yake. Walichapishwa pia waganga watatu Mabrahmani, Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Appu Bhat, kwa maandishi yao wenyewe. Michoro nayo ilitiwa majina ya mimea kwa hati zaidi ya moja, ikiwemo ya Kiarabu.

Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden, aliyeipa mimea majina ya kisayansi tunayoyatumia hadi leo, alikitegemea kitabu hicho kwa mimea mingi ya Asia, mnazi ukiwa mmojawapo. Yeye alinukuu kitabu kwa ufupi tu. Lakini kwa kuwa majina ya waganga yalikuwa yamechapishwa, njia ya kurudi kwao haikuzibika. Mtaalamu wa mimea wa Kerala, K. S. Manilal, alikifasiri kitabu chote kwa Kiingereza, kikatolewa na Chuo Kikuu cha Kerala mwaka 2003, na leo Itty Achuden anatajwa na watu wa kwao kwa heshima zaidi ya miaka 300 baada ya kuandika ushahidi wake. Kurasa chache za mwanzo wa kitabu ndizo zilizofanya kazi hiyo.

Louisiana: jina moja tu lililobaki

Mfano wa pili ni wa pekani, kokwa inayopendwa sana Marekani. Mbegu ya mpekani ikipandwa haitoi mti unaofanana kwa uhakika na mama yake, kama vile mbegu ya mkanju. Mwenye mti mzuri akitaka kuuzidisha, njia ni kubebesha: kukata kijiti cha mti huo na kukiunganisha juu ya shina la mche mwingine. Kwa mpekani kazi hiyo iliwashinda wengi.

Aliyeiweza alikuwa mtumwa. Aliitwa Antoine, mtunza bustani katika shamba la Oak Alley, jimbo la Louisiana. Katika majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 alibebesha miti 16 kutoka kwa mti mmoja mzuri, na baadaye miti ya aina hiyo ikafika zaidi ya 100. Mwaka 1876 kokwa za miti hiyo zilipelekwa Philadelphia kwenye maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Zilipata tuzo, na aina hiyo ikaitwa Centennial, yaani ya miaka mia. Aliyezipeleka ni mwenye shamba wa wakati ule. Aina ikabeba jina la sherehe, tuzo ikabeba jina la mwenye shamba.

Antoine ametufikia kwa sababu aliandikwa. Jina lake limo katika orodha ya mali ya shamba, na baadaye wataalamu wa kilimo waliofuatilia asili ya pekani za kubebeshwa walitaja kazi yake katika machapisho yao. Hata hivyo jina la baba yake halijulikani, wala maneno yake mwenyewe juu ya namna alivyofanya hayakuandikwa. Alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua, na hakuna aliyekaa naye akamuuliza na kuandika jibu. Hiyo ni hasara ya kilimo chenyewe, mbali na dhuluma aliyofanyiwa yeye.

Australia: jina alilopewa asiyepanda

Mfano wa tatu uko karibu nasi, kwa sababu Kenya ni miongoni mwa nchi zinazozalisha makadamia kwa wingi duniani, hasa katika nyanda za juu za Meru, Embu, Kirinyaga na Murang'a. Asili ya mti huo ni mashariki mwa Australia, ambako wenyeji walikula kokwa zake kwa vizazi vingi na kuziita kwa majina yao. Mwishoni mwa miaka ya 1850 mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller aliuandika kisayansi na kuuita Macadamia, kwa heshima ya rafiki yake John Macadam, daktari na mkemia wa Melbourne. Macadam hakuwa mkulima wa mti huo. Majina ya wale waliomjulisha mgeni kwamba kokwa ile huliwa hayamo katika jina ambalo dunia nzima inalitamka.

Unguja: mdudu mwenye jina la mtafiti

Hapa kwetu mfano mmoja ni wa mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke. Utafiti wake ulifanywa Unguja katika miaka ya 1950 na Michael Way, na mdudu huyo alipoandikwa kisayansi mwaka 1955 aliitwa Pseudotheraptus wayi. Way alichunguza pia chungu wanaoshona majani kuwa viota, ambao wakulima wengi huwaita majimoto, na kuonyesha kwamba mnazi wenye chungu hao hupata nafuu kwa mdudu huyo. Elimu hiyo inatumika mpaka leo kwenye minazi na mikanju ya Afrika Mashariki.

Way alistahili kutajwa. Sayansi ina njia yake ya kumheshimu mtafiti, na jina la mdudu ni mojawapo. Swali la makala haya ni lingine. Mnazi wetu mrefu hupita mita 20. Hakuna utafiti wa nazi changa unaofanyika bila mkwezi. Yeye ndiye anayeona kwanza kwamba panda hili lina vidaka vingi na lile limepukutika. Kazi yake ni ya macho na hukumu, si ya miguu tu. Kila ripoti ya mnazi iliyotegemea mkwezi inapaswa kusema hivyo, kwa jina lake ikiwa ameridhia.

Nani atajwe, na atajwe wapi

Ifuatayo ni orodha ya wanaosahauliwa mara nyingi katika machapisho ya nazi na korosho.

Mkulima mwenye ujuzi. Akieleza jambo alilolijaribu mwenyewe, kwa mfano namna anavyopanga mistari ya mikanju na mihogo, atajwe ndani ya matini pale pale jambo lilipoelezwa, pamoja na kijiji chake. Shukrani za ukurasa wa mwisho hazitoshi.

Mwenye mti mama. Vikonyo vya kubebesha na nazi za mbegu hutoka kwenye mti wa mtu. Rekodi ya aina mpya iseme mti ulikuwa kwa nani na wapi. Hilo lina faida ya kitaalamu pia, maana ugonjwa ukitokea njia ya kurudi kwenye mti mama inajulikana.

Mkwezi, mgema, mfuaji na mbanguaji. Hawa ni mafundi. Wakishiriki katika kupima, kuhesabu au kuonyesha kazi, watajwe kwa ufundi wao. Akina mama wanaobangua korosho na kutengeneza mbata mara nyingi huonekana kwenye picha kuliko kwenye maandishi.

Afisa wa kilimo nyanjani na vijana wanaokusanya takwimu. Wao ndio waliotembea. Ripoti nyingi hutaja ofisi na kuwaacha.

Mfasiri. Mwongozo ukiandikwa kwa Kiingereza na kutolewa kwa Kiswahili, aliyefasiri amefanya kazi ya kuandika. Yeye ndiye aliyetafuta neno linalofaa kwa mkulima. Jina lake liwe katika ukurasa wa jina la kitabu.

Mpigapicha na mchoraji. Watajwe chini ya kila picha au katika orodha ya picha, si kwa jumla.

Wako pia wanaotajwa bila kustahili. Mkubwa wa ofisi ambaye hakusoma hata rasimu hapaswi kuwa mwandishi wa kwanza kwa sababu ya cheo chake, wala mfadhili hapaswi kuwa mwandishi kwa sababu ya fedha zake. Mfadhili hutajwa kama mfadhili. Jina la zawadi huharibu isnadi sawa na jina lililofutwa, kwa sababu msomaji ataelekezwa kwa mtu asiyejua jibu.

Elimu ya mtu na elimu ya watu

Swali gumu ni hili: vipi kuhusu mambo ambayo kila mtu anayajua? Mtoto wa Pwani hujifunza kwamba upunga huzaa kidaka, kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kudai ameyatunga maneno hayo. Kijitabu kinachoyatumia kueleza wakati wa kuangua hakina mtu wa kumtaja, lakini kina watu wa kuwataja. Kiseme kwamba ngazi hizo ni za Waswahili, au za Wadigo, au za Wagiriama kwa maneno yao, na kitaje mji ambako zilikusanywa, maana mpaka kati ya kitale na dafu hautajwi vilevile kila mahali.

Kwa hiyo mwandishi atenganishe mambo matatu. Elimu ya jamii nzima hutajwa kwa jina la jamii na mahali. Ujuzi au uchunguzi wa mtu mmoja hutajwa kwa jina lake. Maneno, michoro na picha hutajwa kwa aliyevitengeneza. Kosa la kawaida ni kuchukua ujuzi wa mtu na kuuita "desturi ya wenyeji", kana kwamba wenyeji hawana mtu mmoja mmoja anayefikiri na kujaribu. Kosa la pili ni kinyume chake: kuchukua elimu ya wote na kuiandika kwa jina la mtu mmoja aliyehojiwa.

Uliza kwanza

Kutaja kunahitaji idhini. Wapo watu wasiotaka majina yao yaandikwe, na wana sababu zao. Mgema anaweza kuhofia leseni. Mama anaweza kutopenda picha yake isambae.

Pwani ina sababu moja zaidi. Kwa desturi zetu mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, na minazi huuzwa, hurithiwa na kuwekwa rehani peke yake. Ushahidi wa wazee ndio uliokuwa hati. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu kizima mwaka 1972 kuhusu minazi ya Wagiriama na mashahidi hao. Sasa fikiria picha iliyochapishwa ikiwa na maneno "minazi ya Bwana Fulani", ilhali kuna ndugu wanne na kesi kwa chifu. Karatasi hiyo yaweza kuletwa barazani kama ushahidi. Mwandishi mwangalifu atauliza "nikuandike vipi?", na ataandika "Bwana Fulani, anayetunza minazi hii", ikiwa ndivyo alivyoambiwa.

Idhini iombwe kwa lugha anayoielewa mtu, kabla ya mahojiano, na iulizwe tena rasimu ikiwa tayari. Msomee alichosema. Mara nyingi atasahihisha jambo, na chapisho litakuwa bora zaidi.

Sheria ya Kenya inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaitaka serikali itambue mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili, na bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kiasili. Kifungu cha 69 kinataka kulindwa kwa ujuzi wa kiasili kuhusu viumbe na mimea.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda maandishi, picha na michoro. Kwa maandishi ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake na ya kupinga kazi hiyo kupotoshwa, na haki hiyo ni tofauti na haki ya kuuza. Kwa hiyo afisa aliyeandika mwongozo akiwa kazini anaweza asiwe mmiliki wa kuuuza, lakini si halali kulifuta jina lake na kuweka la mwingine. Sheria hii hailindi wazo lenyewe. Mkulima aliyesimulia kwa mdomo, na maneno yakaandikwa upya na mwingine, huenda asipate kinga hapa.

Pengo hilo ndilo linalogusiwa na Sheria ya Kulinda Ujuzi wa Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016. Inazipa jamii haki juu ya ujuzi wao, ikiwemo haki ya kutajwa kuwa ndio wenyewe, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista. Kenya pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, inayohusu kugawana faida zinazotokana na mimea na ujuzi wa jamii. Na kwa kuwa jina na picha ni habari za mtu binafsi, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahusika.

Sheria hizi hazifanyi kazi zenyewe. Zinamsaidia yule mwenye kumbukumbu.

Namna ya kuandika

Maneno mafupi yanatosha. Ndani ya matini: "Bi. Fulani, mkulima wa Msambweni, huacha nazi za mbegu zikae kivulini kabla ya kuzipanda. Tuliona miche yake wakati wa mvua za masika." Chini ya picha: "Mzee Fulani, mkwezi wa Rabai, akikagua vidaka. Picha: Fulani wa Fulani." Katika ukurasa wa shukrani: "Waliohesabu nazi: … Waliofasiri: … Wenye miti iliyotoa vikonyo: …" Kwa elimu ya jamii: "Majina ya ngazi za ukuaji yalikusanywa kwa wazee wa Mambrui na kuthibitishwa nao."

Asiyetaka kutajwa aandikwe hivi: "mkulima mmoja wa wadi hii, aliyeomba jina lake lisiandikwe." Msomaji atajua kwamba mtu yupo na kwamba aliulizwa.

Majina yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika. Binti Fulani asigeuzwe kuwa "mke wa Fulani" ikiwa yeye hakujitambulisha hivyo. Mzee anayejulikana kwa jina la mtoto wake aulizwe jina la kwenye karatasi ni lipi.

Kama umeachwa

Mkulima akihojiwa, naye aandike: tarehe, jina la aliyekuja, ofisi yake, na aliyoambiwa. Simu ya mkononi inatosha kwa kupiga picha barua au kadi ya mgeni. Aombe nakala ya chapisho likitoka.

Akikuta jina lake limeachwa, hatua ya kwanza ni kumwandikia mwandishi au ofisi iliyochapisha, kwa upole na kwa ushahidi, akitaka sahihisho. Mara nyingi ni uzembe, si nia mbaya, na chapisho la mtandaoni hurekebishwa kwa dakika chache. Chama cha wakulima kikiandika pamoja naye, barua huwa na uzito zaidi. Ikiwa ni maandishi, mchoro au picha yake iliyotumiwa, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) hupokea malalamiko. Ikiwa ni ujuzi wa jamii, serikali ya kaunti ndiyo ya kuanzia.

Vyama vyenyewe navyo visingoje. Kikundi cha wabanguaji korosho au wakulima wa minazi kinaweza kuweka daftari lake: nani ana mti upi, umepandwa lini kwa kadiri inavyokumbukwa, nani aliubebesha, nani alimfundisha. Mtafiti akija, atakuta elimu tayari ina wenyewe walioandikwa. Wazee waliopanda minazi mirefu inayosimama leo wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa na mtu yeyote, kwa jina lao wala kwa jina la mwingine.